Kwa nini Uganda walikwenda Kombe la Dunia la kriketi 2024 na sisi hatukwenda

Mkuu, umeuliza Uganda walipitaje wakati na sisi Tanzania tunacheza kriketi. Nafasi za Afrika zilikuwa mbili tu. Mchujo ulifanyika Windhoek, Novemba 2023, timu saba zikiwemo Tanzania, Kenya na Zimbabwe. Uganda waliifunga Zimbabwe, na hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Wakapita wao na Namibia.

Kwenye Kombe lenyewe, huko Guyana, Uganda waliishinda Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha mipira 24 akaruhusu mikimbio minne tu na kuwatoa wapigaji wawili. Kwenye T20, yaani kriketi fupi iliyochezwa kwenye Kombe hilo, kila timu hurushiwa mipira 120, kwa hiyo kubana moja ya tano yake namna hiyo ni kazi kubwa mno. Mimi nilikesha hapa Area C, Dodoma, nikifuatilia, nikashangilia kama ni Taifa Stars.

Kwetu, kwa maoni yangu, mchezo umebanwa sana Dar. Dodoma viwanja vya wazi tunavyo. Watoto wa shule za msingi wanakosa mipira, magongo na mwalimu wa kuwaonyesha namna ya kurusha.