Siagi na mapafu wapi na wapi?

SWALI: Dokta shikamoo. Mwanangu wa miaka 6 ana sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi wa ute mzito mwilini), tuko Toronto. Kliniki kila tukienda uzito kwanza, mara ongeza siagi, mara krimu, mama mkwe huko Tanga analalamika namharibu mtoto. Si ugonjwa wa mapafu huu?
Mama Salma

JIBU: Marahaba mama. Ni wa mapafu na tumbo pia, ute mzito unaziba kongosho, mafuta yanapita bila kusagwa, ndo maana choo chake kinaelea na kunuka vile. Sasa akikonda, misuli ya kupumulia nayo inakonda, kinga inashuka, kifua hakikauki maambukizi, na kukohoa kwenyewe kunakula nguvu. Tena hiyo Toronto yenu ndo iliwafumbua macho wengine, zamani kliniki ya Boston iliwabania mafuta wagonjwa hawa, ya Toronto ikawaruhusu, utafiti wa 1988 ukakuta umri wa kati wa kuishi wagonjwa wa Toronto miaka 30, wa Boston 21! Chapati paka siagi, enzaimu (dawa zake za kusaga hayo mafuta) ameze anapoanza kula sio sahani ikishaoshwa, na joto likizidi chumvi usimbanie, inatoka na jasho. Ila akianza zile dawa mpya za kurekebisha protini ya mwili yenye hitilafu inayoleta ugonjwa huu, uliza kliniki upya, wengine wananenepa kupita kiasi. Bibi msalimie.