Kabla hujampa fundi apige silva

Kijana mmoja wa Mbale, hapa Uganda, ameniandikia wiki hii. Babu yake amemwachia Toyota Corolla, ile KE70 yenye sura ya boksi, na plastiki zake za kromu zimekufa. Grili imepauka, pete za saa za dashibodi, zile za kuonyesha spidi na mafuta, zina mabaka kama kichwa chenye mapunye. Fundi amemwambia, "Lete laki mbili nikupigie silva, jioni unachukua gari." Kijana ananiuliza: "Kaka, nimpe?"

Usimpe.

Ningeishia hapo, lakini ujumbe wake umenikuta nikiwa kwenye foleni ya magari ya Kibuye, Kampala, na nilipofika nyumbani bado nilikuwa namjibu kichwani. Na siyo yeye niliyekuwa namjibu. Kwa hiyo nivumilieni, maana hili siwezi kulieleza bila kugusa kidonda.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Busia, upande wetu wa mpaka, wa Uganda. Mwaka 1984 alinunua Datsun 120Y ya mwaka 1977, mkono wa pili, kwa pesa ambazo Mama alitaka zijenge choo. Kwa nini Datsun? Kwa sababu ya Shekhar Mehta. Wazee wa rika la Baba hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Mzaliwa wa Kampala huyo, familia yake ikakimbilia Kenya mwaka 1972 enzi za Amin, mwaka uliofuata akashinda Safari Rally na Datsun 240Z, kisha akaishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Baba aliamini kabisa kwamba gari lake na lile la Mehta ni ndugu wa tumbo moja. Kwamba letu lilikuwa na injini ya cc 1,171 tu, na lilipanda mlima kwa maombi, hilo halikumsumbua. Kila Jumapili asubuhi alikuwa akifuta ukingo wa kromu wa grili kwa fulana kuukuu, anaupulizia pumzi, anafuta tena, halafu anajitazama ndani yake na kurekebisha tai. Sisi watoto tulisimama nyuma yake tukijiona tumepinda kama vijiko.

Baba akafariki mwaka 2011. Gari likakaa chini ya mwembe miaka tisa. Kuku walitagia kiti cha nyuma. Utomvu wa mwembe ukadondoka kwenye boneti na grili mpaka ukawa kama gundi ya fundi viatu. Baba Mdogo alilitazama siku ya kumaliza matanga ya bibi yetu akasema mbele ya watu wote, "Hicho ni chuma chakavu. Kipime kilo, uuze, ununue kitu cha maana." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na kucheka kwangu ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Nikalipakia kwenye lori, likaja Kampala. Ya injini na bodi siyaelezi hapa: miezi minane, pesa zikaenda, gari likawaka. Nasogea kwenye kromu.

Kwanza uelewe unachokitengeneza, kwa sababu mafundi wengi wanaopuliza hawakielewi. Plastiki yenye kromu ya kiwandani iko ya aina mbili. Ya kwanza ni ile iliyochovywa kweli: plastiki inakwaruzwa kwa asidi, inapewa tabaka jembamba la madini ili ipitishe umeme, halafu inawekwa shaba, nikeli, na juu kabisa kromu nyembamba isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Hii ikianza kubanduka inatoa magamba magumu, na magamba hayo ni wembe. Nina kovu kwenye kidole cha shahada, nilipitisha mkono kwenye ukingo wa grili kama anayepapasa paka. Aina ya pili haina kromu hata chembe. Ni alumini iliyogeuzwa mvuke ndani ya chombo kisicho na hewa, ikatua kwenye plastiki kama umande, kisha ikafunikwa kwa vanishi. Pete nyingi za saa za dashibodi ni hizi. Haibanduki kwa magamba. Inafifia, inakuwa ya manjano, inaondoka kwa kusuguliwa tu.

Ukishajua ipi ni ipi, umeshamzidi fundi wangu.

Huyo fundi simtaji, wala mtaa wake. Nilipelekwa na rafiki. Nikamweleza kwa Kiswahili, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Sisi wa Busia Kiswahili ndicho cha kila siku, lakini Kampala ukikifungua mdomoni wanaume wa spea wanakuona Mkenya mwenye pesa, na bei inapanda kabla hujamaliza salamu. Akataka laki moja na themanini kwa grili, pete tatu na herufi za jina la gari. "Ssebo," yaani bwana, "utajiona humo kama kioo." Nikalipa yote mbele. Ndiyo, yote. Niliporudi siku ya tatu alinipa vitu vyangu vimefungwa kwenye gazeti. Nikafungua. Sufuria. Sina neno lingine. Grili ya Baba ilikuwa na rangi ya sufuria mpya ya Katwe, ile ya kupikia matoke ya watu hamsini. Magamba ya zamani hakuyatoa, alipuliza juu yake, kwa hiyo kila jeraha lilionekana kama limetiwa wanja. Na juu ya silva akapiga kilia nzito, ile vanishi angavu ya juu, ikatiririka na kugandia kwenye kona kama kamasi. Nikamwambia hii siyo kromu. Akanijibu bila kuinua macho, "Kwani gari lenyewe ni la mwaka gani?"

Nilikaa ndani ya ile Datsun nje ya gereji yake nusu saa nzima. Mvua ikaanza. Sikuwasha waipa.

Sikiliza sasa, kijana wa Mbale, kosa la fundi wangu lilikuwa hapa. Rangi ya silva ya kawaida ina vipande vya alumini ambavyo kwa macho ya rangi ni vikubwa, na vinalala ovyo, hiki kimeinuka, kile kimeinama. Mwanga ukigonga unatawanyika. Unapata mng'ao, hupati taswira. Ili ujione, lazima vipande viwe vidogo mno na vilale bapa, na haviwezi kulala bapa kwenye kitanda chenye mabonde. Kromu haifichi kitu, inakitangaza. Mkwaruzo ambao chini ya rangi nyeupe ungepita salama, chini ya kromu unakuwa barabara ya Jinja.

Kwa hiyo kazi yote iko chini. Nilianza upya mwenyewe, kwenye kibaraza changu cha nyuma, na nikaharibu pia.

Silva ya fundi niliitoa kwa msasa wa maji, namba 400 kwanza, siku mbili, mpaka vidole vikakunjamana kama vya mfua nguo. Pete za dashibodi, zile za alumini, nilizitumbukiza kwenye ndoo yenye Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Hii naipenda. Ndani ya saa chache mng'ao wa zamani unayeyuka kama haukuwahi kuwepo, inabaki plastiki tu, na wakati mwingine ile vanishi ya chini. Vaa glavu, fanyia nje, na usije ukachanganya Jik na dawa ya choo ukidhani unaiongezea nguvu. Mchanganyiko ule unatoa gesi ya klorini, na utaniandikia ukiwa hospitali. Kwenye kromu ya kuchovya Jik isikudanganye, nikeli na shaba hazitoki namna hiyo. Hapo ni kubandua kilicholegea na kusawazisha kingo kwa msasa mpaka ukipitisha ukucha usikwame.

Halafu nikafanya ujinga. Pete moja ilibaki na uchafu wa gundi, nikachukua dawa ya mke wangu ya kuondolea rangi ya kucha, nikaifuta. Dawa ile ina asetoni, na asetoni inayeyusha plastiki ya ABS. Pete ya saa ya mafuta ikawa laini mkononi mwangu kama ubani uliotafunwa, na alama ya kidole changu ikabaki humo milele. Nilizunguka soko la spea la Kisekka Jumamosi tatu kutafuta nyingine. Tangu mwaka 2018 sheria imebana uingizaji wa magari yenye miaka 15 na zaidi, kwa hiyo usidhani kuna kontena linakuja na vioo na pete za Datsun. Zilizomo ndizo zilizomo. Mzee mmoja akanipatia kutoka kwenye boksi la misumari, elfu kumi na tano, akakataa elfu ishirini. Kwa hiyo tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, na mwisho spiriti ya dukani kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi. Inatosha.

Baada ya hapo ni msasa namba 800, halafu 1500, halafu 2000, yote kwa maji. Praima ya plastiki. Msasa tena. Kisha rangi nyeusi, na ndipo watu wanaponishangaa. Nyeusi ya kung'aa, siyo kijivu, siyo nyeupe. Weusi huo ndio unaoipa kromu kina. Ukijitazama kwenye nyeusi na kujiona vizuri, kromu itakuwa nzuri, usipojiona, usiendelee. Niliiacha ikauke wiki nzima ndani ya kabati la vyombo. Mke wangu alinuna wiki nzima pia.

Juu yake nilitumia wino wa kromu wa kampuni ya Kijerumani ya Molotow, niliotumiwa na shemeji aliyeko Ujerumani, kwa kibomba kidogo cha kupuliza kinachotumiwa na wapambaji keki. Ukungu mwembamba, unasubiri, ukungu mwingine. Pulizo la kwanza halionyeshi kitu, unaona moshi tu. La pili, kijivu. La tatu, nikaona bati la paa la jirani ndani ya grili, mistari yake yote, na paka aliyekuwa amelala juu yake. Niliita watu nyumbani kwa sauti ambayo walidhani nimeumia.

Hapo simama. Usiguse. Usipige kilia siku hiyo, wala kesho yake, kwa tamaa ya kuilinda. Kilia yenye thina kali inaamsha wino, vipande vinaelea, na kioo chako kinarudi kuwa sufuria mbele ya macho yako. Mimi pete za dashibodi sikuzipiga kabisa, haziguswi na mvua wala tope. Grili nilisubiri majuma mawili nikapiga kilia ya maji, nyembamba, na hata hivyo ilipoteza kidogo ukali wake. Sehemu ya juu ya ukingo, ile aliyokuwa Baba akijitazamia, niliiacha tupu. Najua haitadumu.

Pale penye mkanda ulionyooka, kama vile vya mlangoni, usijitese. Nenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, nunua stika ya kromu, kata, pasha kwa mashine ya kukaushia nywele, bandika. Kwenye kona inakunja uso, lakini kwenye mstari ulionyooka ni watu wachache watakaojua. Na akitokea mtu wa kukuambia mchovye wenyewe nyumbani kwa asidi ya kromu, mkimbie. Ile kitu inasababisha saratani.

Mwezi uliopita binti ya shangazi aliolewa Tororo. Akakataa Mercedes ya kukodi, akasema anataka gari la Mjomba. Nikaliendesha kutoka Kampala usiku ili nisile vumbi la malori, nikalifutia kanisani kwa fulana. Watu walipiga picha grili kuliko bibi harusi, na sitasema kwamba sikufurahi. Yule aliyenipeleka kwa fundi wa sufuria alikuwepo. Hakusema neno. Mimi pia sikusema, ila niliegesha gari mahali ambapo lazima alipite akienda kuchukua chakula.

Vijana, mnataka kila kitu kiishe jioni. Gari jioni, biashara jioni, mwili wa mazoezi jioni. Fundi anayekuahidi jioni amekusoma, anajua hutaki kazi, unataka kusikia neno "tayari". Mimi nilimpa mtu laki moja na themanini aniambie neno hilo, kwa hiyo sisemi nikiwa juu ya mti. Nasema nikiwa na pete iliyoyeyuka mezani.

Kwa hiyo, wewe wa Mbale: toa pete moja tu ya dashibodi, ile ndogo kabisa. Ifanye mwenyewe, iharibu mwenyewe. Grili iache garini kwanza, imepauka miaka mingi na haitakufa mwezi huu. Ukifika kwenye nyeusi nitumie picha.

Baba Mdogo naye alikuja harusini. Alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akainama kwenye grili, akaipulizia pumzi, akaweka dole gumba pale pale palipo tupu, kuhakikisha ni kweli. Alama imebaki, mistari yake yote inasomeka. Nitaifanya upya mvua zikikatika.