Tukapumzike wapi?

SWALI: Dada, wewe mwandishi, ukichoka na kalamu, wewe na shemeji hupumzikia wapi? – Msomaji, Iringa

JIBU: Matema, ndugu yangu, kando ya Ziwa Nyasa. Kutoka Mbeya tunateremka kupitia Tukuyu, chai na migomba pande zote, hadi Kyela, kisha ziwani. Daftari naliacha nyumbani. Alfajiri maji yametulia tuli, Milima ya Livingstone imesimama pale pale ukingoni. Mume wangu anaogelea, mimi nimekaa mchangani na kikombe changu cha tangawizi. Jumamosi mwende gulioni Lyulilo, mkaone vyungu vya akina mama wa Kikisi wa Ikombe. Nilinunua kimoja, chekundu, chenye michoro myeupe shingoni. Mume wangu alikipakata hadi Mbeya, hakukiweka chini hata mara moja. Nendeni kiangazi, mvua za kule ni nyingi mno.