Maneno ya Kihindi ya kusifia msosi, kwa anayeenda kukaa kwenye nyumba ya watu Delhi

Mkuu nimeona swali lako, kwamba unaenda Delhi kusoma, umepata chumba kwenye nyumba ya familia na chakula utakula nao, Kihindi chako ni "namaste" na "achha" za kwenye muvi, na unataka maneno ya kusifia chakula usionekane bubu mezani. Mimi nimesoma Pune, mji mwingine hukohuko India. Darasani kila kitu kilikuwa Kiingereza, kwa hiyo Kihindi nilichonacho nimekiokota mesini, kwa wauza vitafunwa barabarani na jikoni kwa anti mwenye nyumba, ndio maana cha chakula ndio nakijua kuliko cha kitu kingine chochote.

Kwanza hiyo achha isikudanganye. Wenyewe wanaitumia kama sisi tunavyosema "ahaa" au "sawa", utamkuta mtu yupo kwenye simu ni achha, achha, achha mpaka anakata. Ukionja dal, yaani mchuzi wa dengu, ukasema "achha" peke yake ukanyamaza, mpishi anabaki anasubiri umalizie sentensi. Sema "bahut achha hai", hapo ndio umesifia, bahut ni sana.

Neno utakalolikuta kwenye vitabu na programu za simu ni "swaadisht", yaani kitamu. Lipo sahihi kabisa, wazee watalipenda, ila limekaa kimatangazo ya TV kidogo. Nyumbani utasikia zaidi "mazedaar", kitamu cha raha, na "badhiya", safi sana, wanafunzi wenzako watasema "mast", yaani bomba, kwa kila kitu, chakula, pikipiki, mtihani uliofutwa. "Lazeez", nalo ni kitamu, lina Kiurdu ndani yake, linakaa vizuri ukiwa unapiga kebabu au biriani kule Delhi ya zamani karibu na msikiti mkubwa wa Jama Masjid, ila ukilitumia kwa uji wa asubuhi watu watacheka. Halafu kuna "lajawab", hili sikutafsirii maana jawabu unalijua, yaani chakula hakina wa kukijibu. Mimi hilo ndio nalipenda kuliko yote na kwa yule anti mwenye nyumba wa Pune nililitunza kwa siku za kheer tu, ule wali wa maziwa na sukari, ukilitoa kila siku linakuwa kama salamu.

Sasa sarufi, na hapa ndio wengi wanakwama bure. Kihindi kina jike na dume mpaka kwenye vyakula. Roti yaani chapati, dal, chai, sabzi yaani mboga, biriani, kheer na chatne ni jike. Chawal yaani wali, samosa, paneer yaani jibini, halwa yaani halua, dosa ile chapati nyembamba ya unga wa mchele na dengu, na achaar yaani achari ni dume. Kwa hiyo chai ni achhi ila halwa ni achha, chatne ikiwa chachu ni khatti ila achaar ni khatta. Mzungu hapa analia, wewe umekua na ngeli, embe limeiva na ndizi imeiva hujawahi kufundishwa na mtu, kwa hiyo usiogope. Na njia ya mkato ipo: neno la kusifia likiishia na aa ndefu mara nyingi linabadilika, lisiloishia hivyo halibadiliki. Mazedaar, lazeez, lajawab, swaadisht, mast, yote hayo yanakaa vilevile kwa jike na dume, na badhiya ingawa inaishia na aa nayo haibadiliki. Shika hayo mwezi wa kwanza, hizo achha na achhi zitakuja zenyewe ukishazoea kusikia.

Ila kama unataka anti akuone wa nyumbani, usisifie chakula kama kimeshuka kutoka mbinguni, sifia kilivyopikwa. Wanasema "dal bahut achhi bani hai", imetengenezeka, imetoka vizuri. Halwa ingekuwa "achha bana hai". Na ukitaka kummaliza kabisa mwambie "aapke haath mein jaadu hai", mikono yako ina uchawi, na hapo usiwaze mambo ya kwetu, uchawi wa kule mezani ni sifa. Mkono wa mpishi kwao ni jambo kubwa, utasikia sana "maa ke haath ka khana", chakula cha mkono wa mama, hakuna hoteli inayoshindana nacho. Ukishamaliza kula unasema "maza aa gaya", raha imekuja, na hiyo haihusu chakula tu, hata mechi ikiwa tamu wanaisema.

Ladha zenyewe sasa. Tamu ni meetha, chungu ni kadwa, chachu ni khatta, ya chumvi ni namkeen (na vitafunwa vikavu vya kutafuna na chai navyo vinaitwa namkeen hivyohivyo). Ya pilipili ni teekha. Garam ni moto wa jikoni, usichanganye na teekha, na kitu kilichotoka jikoni sasa hivi ni "garma-garam", jalebi, ile tamutamu ya kukaangwa yenye shira, ndio inasifiwa hivyo. Kama pilipili huiwezi sema mapema "mirch kam", pilipili kidogo, usisubiri mpaka machozi. Chakula kisicho na ladha ni "pheeka", hilo usilitamke mezani kwa watu hata kama ni kweli, lina kazi moja tu salama, ukitaka chai bila sukari agiza "pheeki chai". Chai nzito iliyochemka ikachemka ni "kadak", waliokaa Dubai au Muscat wanaijua kwa jina la karak, ndio hiyohiyo. Ngumu kutafuna kwa raha, ile inayolia mdomoni, ni "karara" au "kurkura", bamia zilizokaangwa zikakauka wanaziita kurkuri bhindi na kama kwenu bamia ni mlenda tu basi jiandae kubadili mawazo.

Na kuna "chatpata", chachu, chumvi, pilipili na utamu vikigombana mdomoni kwa pamoja. Mtu aliyekulia embe bichi la chumvi na pilipili getini kwa shule haelezwi. Mfano wake mkuu ni ule mpira mdogo wa unga uliokaangwa unajazwa viazi na maji ya ukwaju na mnanaa, Pune na Mumbai ni pani puri, huko Delhi uite golgappe, Kolkata ni puchka. Unasimama na kibakuli, muuzaji anakuuliza teekha au meetha, anakupa kimoja kimoja na unakiingiza chote mdomoni, ukiking'ata nusu shati limekwisha. Ukimaliza unaomba "sookhi puri", kikavu cha mwisho kisicho na maji, hicho kwa desturi hulipii, na mgeni anayejua kukiomba huwa wanamcheka kwa furaha.

Matamshi usiyadharau. Khana ni chakula, kana ni mtu mwenye jicho moja, tofauti ni ile pumzi baada ya k. Watu wa Mombasa na Lamu hapa mna bahati, ile mnayotofautisha paa ya nyumba na p'aa mnyama ndiyo hiyo. Sisi wa bara tunapeleka kiganja mbele ya mdomo na kufanya mazoezi. Wahindi wa Kisutu na Upanga pale Dar wanaweza kukusaidia kidogo ila ujue wengi wao nyumbani ni Kigujarati au Kikachi.

Kitu ambacho hukuuliza na utakihitaji siku ya kwanza: kusifia kunaleta chakula. Ukisema mazedaar, kijiko kinarudi kwenye sahani yako kabla hujafunga mdomo, "thoda aur", kidogo tena, na ukikataa utaambiwa "kuchh khaya hi nahin", hujala kitu wewe, wakati roti umeshapoteza hesabu. "Bas" wanaielewa kama sisi tunavyoelewa basi ila ya kwanza haihesabiki, ni kama hujasema. Funika sahani kwa kiganja, sema "bas anti-ji, pet bhar gaya, man nahin bhara", tumbo limejaa, moyo bado. Hiyo inakataa na kusifia kwa pumzi moja na mara nyingi wanakuachia. Mara nyingi, sio zote. Na usionje kwa kijiko ukakirudisha sufuriani, wala usimmegee mtu kutoka sahani yako mpaka uwazoee, chakula kilichoguswa na mdomo ni "jootha" na nyumba nyingine wanakichukulia kwa uzito sana.

Ukifika ukakuta wanatumia maneno mengine yaandike hapa mkuu, Delhi wana Kipunjabi kingi mezani na mimi huko nilipita kula tu.