Unaanza kufundisha Biblia? Usikimbilie agape

Wapendwa mnaoanza kupewa zamu ya kufundisha neno huku Kisumu, Kakamega na pande zote hizi, nawaomba kitu kimoja kuhusu Kigiriki, lugha Agano Jipya liliandikwa nayo. Karibu kila mwalimu mpya anaanza na agape. Anasimama anasema agape ni upendo wa Mungu usio na masharti na phileo ni ule wa marafiki tu, watu wanaitika amina, imeisha hivyo.

Kabla useme hivyo Jumapili, fungua Biblia ya simu, ile iko na namba za Strong, yaani kila neno la Kigiriki limepewa namba yake, tafuta namba 25, hiyo ni agapao, kitenzi chake, halafu usome mistari yote, yote kabisa, si ile mitatu unaijua kwa kichwa. Ukifika Luka 11:43 utapata Mafarisayo wanapenda viti vya mbele kwa sinagogi na kusalimiwa sokoni, na hiyo kupenda ni agapao. Sasa enda Luka 20:46, viti ni vilevile vya mbele, salamu ni zilezile za sokoni, mwandishi ni Luka huyohuyo, lakini hapo ametumia phileo! Dema naye alimwacha Paulo juu aliupenda ulimwengu huu, 2 Timotheo 4:10, na hiyo pia ni agapao. Na Baba kumpenda Mwana, Yohana 3:35 ni agapao, 5:20 ni phileo, na sidhani kuna mtu atasema hapo upendo ulipungua.

Sisemi upendo wa Mungu ni mdogo, hapana. Uzito wake uko kwa sentensi nzima, soma 1 Yohana 4:10 uone vile anaeleza Mungu alifanya nini, alimtuma Mwanawe.

Na ile ya Petro, Yohana 21, Yesu anamuuliza kama anampenda, mara mbili kwa agapao na ya tatu kwa phileo, wengi hujenga mahubiri yote kwa hayo maneno mawili. Angalia mstari wa 17, Yohana anasema Yesu aliuliza mara ya tatu, kumaanisha anahesabu ni swali lilelile, na Petro alikuwa amekana mara tatu. Hata moto wa makaa, anthrakia, uko mara mbili tu kwa Agano Jipya lote, Yohana 18:18 Petro akikana na 21:9 hapo ufuoni. Hiyo ifundishe bila woga.

Kama wiki imekubana na hujamaliza mistari yote, acha Kigiriki wiki hiyo, fundisha na Kiswahili chako, watu watashiba tu.