Kabla hamjatuma mashine ya eko kijijini

Ndugu zetu walio Ulaya huniuliza swali lilelile: «Dada, tukichanga tukatuma mashine ya eko huko milimani, itasaidia?» Itasaidia, maana eko (ultrasound) inamwonyesha mtoto akiwa bado tumboni. Ila mashine iwe kitu cha mwisho kununuliwa.

Mimi ni mkunga wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Eko ndogo ya mkononi, ile inayochomekwa kwenye simu, nimezunguka nayo vituo vya afya vya Kabare na Kalehe, na utamu wake naujua. Mama anasema mimba ni ya miezi saba, kumbe ni mapacha wa miezi mitano. Mwingine kondo la nyuma limeziba mlango wa kizazi, na bila eko angelijua siku damu inapomwagika. Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apimwe eko mara moja kabla ya wiki ya 24. Mimba changa umri wake unapatikana kwa tofauti ya siku chache tu, lakini ikipimwa mwishoni unaweza kupotea hata wiki tatu. Sasa mama zetu wengi CPN, yaani kliniki ya wajawazito, wanaianza mimba ikiwa tayari kubwa, shamba likishapandwa.

Kuna utafiti uliotolewa 2018 ambao watu wa miradi hawapendi kuutaja. Ulifanyika mashambani katika nchi tano: Kongo yetu, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala. Sehemu zilizopewa eko zililinganishwa na zile zisizopewa. Vifo havikupungua, na waliokwenda kujifungulia hospitalini hawakuongezeka. Mimi sikushangaa. Eko inaona, haibebi mtu.

Kwa hiyo anzeni na njia. Kaeni na muganga mkuu wa kituo, relais (wahudumu wa afya wa kujitolea kijijini) na chifu, muulize: mama akikutwa na kondo la chini, damu ikaanza saa nane za usiku katika mvua ya mwezi wa nne, nani anampeleka, kwa chombo gani, na nani analipa? Kama jibu ni «Mungu anajua», mashine ingoje. Pale nilipoona kazi inaenda, wanawake wa AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa cha kijiji, walikuwa wametenga mfuko wa dharura, na motari (waendesha pikipiki) wa kijiji walikwisha kukubali bei mapema, si usiku ule mama analia. Pikipiki isipofika, ni tipoyi, machela ya kubebwa mabegani, na vijana wanaojulikana kwa majina. Kwa wa kisiwa cha Idjwi, ni mtumbwi wa mota na mafuta yaliyowekwa akiba. Halafu ulizeni hospitali kuu bei ya upasuaji, muiseme wazi kijijini. Familia nyingi haziogopi kisu. Zinaogopa mama kuzuiliwa wodini na mtoto wake mpaka deni liishe.

Pesa ikibaki, nunueni kwanza mashine ya presha, vipimo vya mkojo, na friji ya sola ya kuhifadhi oksitosini kati ya nyuzi 2 na 8. Kutoka damu baada ya kuzaa na presha ya mimba vinaua mama wengi, na eko haimpimi mtu presha wala haimzuilii damu.

Sasa mashine. Mfundisheni muuguzi anayekaa palepale, si daktari wa kupita. Ajue mambo machache vizuri: moyo unapiga, watoto ni wangapi, mtoto amelalaje, kondo liko wapi. Kondo likiwa chini kwenye wiki ya 20 asimtie mama hofu, mara nyingi linapanda. Amrudishe karibu na wiki ya 32. Picha inayomtatiza aitume kwa daktari wa mjini kwa WhatsApp. Jeli na umeme wa kuchaji vipangiwe bajeti, na kile kichwa cha eko kinachopitishwa tumboni kisianguke, kikipasuka ndani ndiyo basi.

Akina baba waiteni waingie. Baba akiona moyo wa mtoto unapiga, mfuko wake unafunguka haraka kuliko kwa mahubiri yangu yote. Atauliza tu, «Ni kijana ao binti?» Mimi hilo namwambia mama peke yake, akitaka, na baada ya mengine yote.

Majibu ya njia na pesa yakipatikana, niandikieni pia aina ya simu iliyoko kituoni, maana eko nyingi za mkononi hazikubali kila simu.