Mwenye mashaka mwezi wa nane si msaliti

Mhariri salaam. Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi, ligi ikiwa bado mbichi shabiki aiamini timu yake au aanze kuogopa? Mimi ni Simba damu na jibu langu ni aogope, tena aogope kwa sauti watu wasikie, ila aogope kitu alichokiona uwanjani kwa macho yake na sio maneno ya mtaani.

Naanza na hilo la kwa sauti maana ndio linaloniuma. Siku hizi ukiingia kwenye magrupu ya watsapu ya Wanamsimbazi ukaandika tu kwamba jamani kiungo cha chini hakijakaa sawa, tumeshinda ila tumeshambuliwa sana, basi umeisha, wewe Yanga umejificha, umetumwa, nenda Jangwani kwa wenzako Yanga, na admini anakutoa kabisa. Yaani mtu anayekata tiketi, ananunua jezi orijino, anaangalia mechi mpaka dakika ya mwisho anaitwa mamluki kwa sababu kasema alichokiona. Hii inanikera kweli kweli kwa sababu tulishalipa gharama yake.

Twende 2023. Agosti pale Mkwakwani Tanga tulibeba Ngao ya Jamii, lile kombe la kufungulia msimu, nusu fainali tukamtoa Singida Fountain Gate kwa penati baada ya 0-0, fainali tukamtoa Yanga kwa penati baada ya 0-0, kipa wetu Ally Salim akawa shujaa wa nchi na alistahili. Lakini hebu tulia uangalie, ngao ilikuja Msimbazi bila sisi kufunga hata bao moja ndani ya dakika 90 kwenye mechi zote mbili! Ligi ikaanza tukashinda sita kati ya sita, pointi 18, nani atakuambia kitu. Ila Mtibwa alitufunga mbili, Mtibwa huyo huyo aliyeshuka daraja mwisho wa msimu, Prisons akatufunga moja, Singida moja, Ihefu moja. Na Afrika tukapita kwa Power Dynamos ya Zambia kwa bao la ugenini tu, 2-2 kule Ndola na 1-1 nyumbani. Kulikuwa na watu wanasema kabisa jamani timu inashinda ila haichezi, haina muunganiko, wapinzani wanapita katikati kama barabara ya lami, na wakazomewa sana. La muhimu pointi tatu, ndio jibu lilikuwa hilo. Na kiukweli hata zile sare mbili na Al Ahly ya Misri kwenye African Football League, 2-2 kwa Mkapa na 1-1 Cairo, zilitupa kiburi kuliko akili, tukaona sasa sisi ni wa kiwango kile, nani wa kutubabaisha hapa bongo.

Halafu ikaja tarehe 5 Novemba, sisi na Yanga kwenye ligi. Mapumziko 1-1, kipindi cha pili pale katikati pakafunguka vile vile walivyokuwa wanasema wale watu, Maxi wa Yanga mbili, Aziz Ki, Pacôme penati, imeisha tumefungwa 5-1. Kocha Robertinho akaondoka baada ya siku mbili, akaja Benchikha naye akaondoka Aprili, Mgunda akamalizia, na tukashika nafasi ya tatu, pointi sawa na Azam wakatupita kwa tofauti ya mabao. Ligi ya Mabingwa ikatupita hivyo.

Sasa wale waliosema Agosti wangesikilizwa ingekuwaje, sijui, ila najua kitu kimoja, dirisha kubwa la usajili likishafungwa unakaa mpaka dirisha dogo la Desemba, kwa hiyo kasoro ikisemwa mapema bado kuna nafasi ya kutafuta mtu, ikisemwa baada ya kufungwa tano kinachobaki ni kumfukuza kocha tu, na ndicho tulichofanya.

Lakini kuna mashaka mengine ambayo mimi siyataki. Mwaka uliofuata, 2024, wachezaji wetu wakaondoka, Chama kaenda Yanga, Bocco kaondoka, Inonga kaondoka, watu wakalia msiba kabla mpira haujachezwa. Wakaletwa vijana ambao wengi wetu hatukuwahi kuwasikia, na kocha mpya Fadlu naye tukamuona mgeni tu. Yanga akatufunga 1-0 nusu fainali ya Ngao, hapo ndio kabisa, msimu umekufa. Ukimuuliza mtu umeona nini uwanjani hana jibu, ana majina tu ya walioondoka. Timu ile ile ikaja kupindua 2-0 ya Al Masry hapa nyumbani na kushinda kwa penati, ikamtoa Stellenbosch, ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025 na RS Berkane! Kombe hatukulipata, tulifungwa 2-0 kule Morocco na Amaan Zanzibar ikaisha 1-1, lakini kipa Camara na kiungo Ahoua wale wale tuliokuwa tunauliza ni kina nani walitubeba mpaka pale. Hofu ya Agosti 2023 ilitokana na mpira uliochezwa, hofu ya Agosti 2024 ilitokana na majina. Hizo sio kitu kimoja na nashangaa watu wanazichanganya.

Na watani zetu nao waliwahi kutuchanganya. Novemba 2024 Yanga ilipigwa na Azam 1-0, ndani ya wiki hiyo hiyo Tabora United akawapiga 3-1, kocha wao Gamondi akaondolewa, na sisi tukaanza kuimba ubingwa umerudi. Tulisahau kwamba kabla ya hapo walikuwa wanashinda tu bila hata kuruhusu bao kwenye ligi, timu ilikuwepo pale pale. Mwisho wa msimu kombe likaenda Jangwani tena kwa mara ya nne mfululizo. Msimamo wa ligi mwezi wa kumi na moja una viporo kibao, huyu kacheza kumi yule saba kwa ajili ya mechi za Afrika za CAF, halafu mtu anauchukua kama hukumu.

Kwa hiyo mhariri mimi mechi za mwanzo naziangalia zote na matokeo siyapi uzito sana, naangalia tukipoteza mpira nani anarudi, beki wa pembeni akipanda nani anaziba, na tukiongoza dakika za mwisho tunacheza au tunabutua tu. Wana Simba wenzangu mkiniona naandika kiungo kaachwa peke yake wakati tuko mbele mbili bila, msiniulize kadi ya uanachama, niulizeni dakika ya ngapi na nani alikuwa wapi, hapo tutabishana mpaka usiku na nitafurahi.